Maswali ya Wasomaji: Maiki ya Kutumia na Vokoda ya Kinanda

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya ya vijana mjini Morogoro. Mwezi uliopita nilinunua kinanda kidogo cha Korg, aina ya microKORG, kilichokwisha kutumika, na nilikinunua hasa kwa ajili ya vokoda yake, yaani ule uwezo wa kuifanya sauti ya mtu itoke kwa noti zinazopigwa kwenye kinanda. Aliyeniuzia alikuwa amepoteza maiki yake ndogo yenye shingo ya kupinda. Nimejaribu kuchomeka maiki ya hedifoni za simu, lakini sauti ni hafifu na maneno hayasikiki. Wenzangu wengine wananishauri nijibane ninunue maiki ya studio ya bei kubwa ili sauti iwe safi, na wengine wanasema maiki yoyote itafaa kwa kuwa sauti yenyewe inageuzwa. Nifuate shauri lipi?

JIBU: Marahaba. Mashauri yote mawili yana kasoro, na ili kasoro hiyo ionekane ni lazima kwanza tuelewane juu ya kile ambacho vokoda hukichukua kutoka kwenye maiki.

Vokoda haikuanzia kwenye muziki. Mhandisi Homer Dudley aliianza kazi hiyo mwaka 1928 katika maabara za Bell nchini Marekani, na aliifanya kwa ajili ya simu, akitafuta njia ya kuyapitisha maneno ya watu kwenye waya kwa nafasi ndogo kuliko ile inayohitajiwa na sauti kamili. Badala ya kuituma sauti yenyewe, chombo chake kiliigawa katika mikanda ya masafa (yaani wingi wa mitetemo ya sauti kwa sekunde, unaopimwa kwa Hz), kuanzia ya chini hadi ya juu, kikapima jinsi nguvu ya kila mkanda inavyopanda na kushuka mtu anaposema, kisha kikatuma vipimo hivyo ili upande wa pili sauti iundwe upya. Kinanda chako kinafanya kazi hiyo hiyo kwa mikanda 8, isipokuwa kwamba sauti inayoundwa upya upande wa pili ni ile ya noti unazozibonyeza. Kwa hiyo sauti yako haifiki kwenye spika. Kinachofika ni umbo la maneno yako, likiwa limevishwa sauti ya kinanda.

Mfikirie fundi cherehani anayekata kitambaa kwa kufuata kiolezo cha karatasi. Karatasi ikiwa ya thamani au ya gazeti la jana, gauni halitaonyesha tofauti, lakini kiolezo kikichorwa vibaya kwapani, gauni zima litabana. Ule ulaini na ukunjufu wa sauti unaowafanya watu walipie fedha nyingi maiki ya studio ndiyo karatasi hiyo, na vokoda huitupa yote. Lakini umbo la konsonanti na irabu ndio mchoro wenyewe, na maiki isiyosikia vizuri masafa ya kati na ya juu huuharibu mchoro huo kabla kinanda hakijaanza kazi.

Kiswahili kinatupa kipimo kizuri sana cha jambo hili. Tamka polepole maneno mawili, mti na mtu. Tofauti yake yote imo katika irabu ya mwisho, na irabu hizo mbili, i na u, zinafanana sana katika masafa ya chini, kwa kuwa kilele cha kwanza cha kila moja, yaani mahali nguvu ya sauti inapokusanyika, hukaa karibu na Hz 300. Kinachozitenganisha ni kilele cha pili, ambacho kwa i huwa juu ya Hz 2000 na kwa u hubaki chini ya Hz 1000. Maiki iliyofifia hapo juu huufanya mti uwe mtu. Vikwamizo, yaani konsonanti kama s, sh na f, vinahitaji zaidi, kwa sababu s ina nguvu yake kubwa juu ya Hz 4000, ilhali sh huanzia chini ya hapo, na maiki isiyofika huko huyafanya maneno soka na shoka yawe neno moja. Simu za kawaida, ambazo kwa miaka mingi zilipitisha takriban Hz 300 hadi 3400 tu, zimetuzoesha tatizo hilo, na ndiyo maana mtu akitaja jina lake kwenye simu huombwa alirudie herufi kwa herufi.

Sasa tuangalie kinanda chako. Nyuma yake, ingizo la AUDIO IN 1 lina matundu mawili ya maiki. Moja ni dogo, limeandikwa CONDENSER, na jingine ni la jeki kubwa kama ya gitaa, limeandikwa DYNAMIC, na kando yake kuna swichi ya kuchagua kati ya hayo mawili. Tundu dogo hutoa umeme mdogo kwa ajili ya maiki ndogo ya kondensa, yaani aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi, kama ile iliyopotea. Hedifoni za simu nazo zina maiki ya aina hiyo, lakini plagi yake ina sehemu nne za kugusana badala ya mbili au tatu, kwa hiyo sehemu ya maiki haikutani ipasavyo na umeme wa tundu hilo. Hilo ndilo lililokupata. Unaweza kutafuta maiki ndogo ya waya yenye plagi ya kawaida, kama zile za kubana kwenye shati zinazotengenezwa kwa ajili ya kamera, na itafanya kazi, ila maiki nyingi za namna hiyo husikia kutoka pande zote, na hilo ni tatizo kubwa nitakalolieleza kwa msomaji anayefuata.

Ushauri wangu ni utumie tundu kubwa na maiki ya dainamiki ya kuimbia, yaani aina isiyohitaji umeme, ile inayosikia zaidi kutoka mbele. Shure SM58, ambayo ipo sokoni tangu mwaka 1966, inatosha kabisa kwa kazi hii. Masafa yake ni Hz 50 hadi 15,000, na watengenezaji waliinyanyua kidogo sehemu ya kati na ya juu, mahali pale pale panapokaa konsonanti. SM57 ya kampuni hiyo hiyo, au e 835 ya Sennheiser, zitakupa matokeo ambayo kwenye vokoda hutaweza kuyatofautisha na hayo. Maiki za dainamiki za bei ya chini pia zinaweza kufaa, mradi uzijaribu kwanza.

Niseme neno moja kuhusu maiki bandia, kwa sababu lilinigharimu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua katika duka moja maiki iliyokuwa na kila alama ya SM58, nikaichomeka kwenye kinanda, nikakaa jioni nzima nikigeuza vifundo bila mafanikio. Nilikuwa nikisema shoka, kinanda kinasema kitu kama hoka. Kesho yake nikaazima maiki halisi kutoka kwa jirani anayepiga muziki wa harusini, nikaichomeka kwa waya ule ule bila kugusa kifundo chochote, na neno likatoka kamili mara ya kwanza. Nilipozipima kwenye mizani ya jikoni, ile halisi ilikuwa karibu gramu 300, kama inavyotakiwa, na yangu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Uzito peke yake si ushahidi kamili, kwa kuwa anayeghushi anaweza kuongeza chuma ndani. Sikio lako na maneno yale mawili ni ushahidi bora zaidi.

Kwa hiyo beba kinanda chako hadi dukani, hata kama muuzaji atakutazama kwa mshangao. Microkorg hutumia hata betri, na hedifoni zenye jeki kubwa zitakutosha kusikiliza. Chagua programu ya vokoda, bonyeza noti tatu kwa mkono mmoja, na useme: mti, mtu, soka, shoka, fika, shika. Ukisikia kila neno bila kulikisia, umepata maiki. Usiitumie jozi ya pata na bata kama kipimo. Tofauti ya p na b imo katika kutetemeka kwa nyuzi za koo, na vokoda haiwezi kuuona mtetemo huo kwa kuwa mtetemo wote unaosikika unatoka kwenye kinanda. Hata kula na kura hupotezana kwa urahisi katika mikanda 8, kwa hiyo usiilaumu maiki kwa makosa ambayo si yake.

Waya ndio mahali ambapo wengi hukwama. Maiki ina tundu la XLR la pini tatu na kinanda kina tundu la jeki kubwa, kwa hiyo unahitaji waya wenye XLR ya kike upande mmoja na jeki kubwa ya mono upande wa pili. Fundi akikutengenezea, mwambie pini ya 2 iende kwenye ncha ya jeki, na pini za 1 na 3 ziungwe pamoja kwenye shina. Usichukue waya wenye jeki ya stirio, ile yenye mikanda miwili myeusi, kwa ajili tu ya kuwa inaingia kwenye tundu. Ukiichomeka jeki hiyo kwenye ingizo la stirio, sauti ya maiki hugawanywa pande mbili zinazopingana, na zikikutanishwa hufutana, nawe utadhani maiki imekufa.

Ukishachomeka, sema kwa nguvu kama utakavyoimba, ongeza kifundo cha VOLUME 1 mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha rudisha kidogo. Ndani ya programu ya vokoda kuna kipengele kinachoitwa HPF LEVEL, ambacho hukipitisha moja kwa moja kile kipande cha juu cha sauti yako chenye s, sh na f ili kichanganywe na sauti ya kinanda. Kipandishe taratibu mpaka maneno yasimame, na usizidishe, maana mate na pumzi navyo vitaanza kusikika. Hakikisha pia kwamba sauti ya kinanda yenyewe ni kali na yenye masafa mengi, kama ile ya wimbi la meno ya msumeno. Vokoda haiwezi kuchonga kitu ambacho hakipo, na mtu anayetumia sauti ya filimbi laini atatafuta maiki mpya kila mwaka bila kupata maneno.

SWALI: Sisi ni bendi ya harusi hapa Mombasa. Tunatumia kinanda cha Roland JUNO-DS chenye vokoda na maiki nzuri ya dainamiki. Nyumbani vokoda inasema vizuri sana, lakini tukiwa jukwaani ngoma zinapoanza kinanda kinajiimbia chenyewe hata kama mimi nimenyamaza, na maneno yangu hayaeleweki tena. Je, tununue maiki ya aina gani?

JIBU: Kinanda chenu hakijiimbii, kinaimba ngoma. Vokoda haina akili ya kujua kwamba wewe ndiye mwimbaji. Chochote kinachoingia kwenye maiki hugawanywa katika mikanda na kupewa noti ulizozishika. Pigo la dramu huingia kama konsonanti isiyo na neno. Spika ya jukwaani inayokurudishia sauti ya vokoda nayo huingia, na hapo kinanda huanza kujiiga chenyewe. Hata feni ya darini huacha mvumo unaosikika noti zinaposhikwa. Katika uimbaji wa kawaida kelele hizo huwa nyuma ya sauti yako na msikilizaji huzivumilia, lakini kwenye vokoda huwa sehemu ya maneno yenyewe, na ndiyo sababu naiona hii kuwa sifa ya kwanza ya maiki ya vokoda: isikie kinywa chako na isisikie kitu kingine.

Kabla ya kununua, rekebisheni umbali na pembe. Maiki iwe sentimita 2 hadi 5 kutoka midomoni. Ukiisogeza kutoka sentimita 20 hadi 5, sauti yako huongezeka sana ndani ya maiki ilhali ngoma hubaki pale pale, na hakuna kifaa cha fedha kitakachokupa faida kubwa kama hiyo. Ukaribu huo huongeza besi, na besi ikizidi hujaza mikanda ya chini na kuifanya sauti iwe nzito na ya kubebana. Kama mnapitisha maiki kwenye miksa kabla ya kinanda, punguzeni kila kitu kilicho chini ya Hz 120 hivi. Tena, asiwepo mwimbaji wa kuifunika kwa kiganja kichwa cha maiki. Naona vijana wengi wakifanya hivyo kwa kuiga, na kumbe matundu ya nyuma ya wavu ndiyo yanayoifanya maiki ichague upande. Ukiyaziba, inasikia kila mahali.

Kuhusu pembe, mjue eneo ambalo maiki yenu husikia lina umbo gani. Ile ya umbo la moyo, kama SM58, huwa kiziwi zaidi moja kwa moja nyuma yake, kwa hiyo spika ya jukwaani ikae mbele yako, ikiutazama mkia wa maiki. Ile ya umbo lililobana zaidi, kama Beta 58A ya Shure, husikia kidogo hata kutoka nyuma kabisa, na uziwi wake uko pembeni kwa nyuma, pande zote mbili. Mkibadilisha maiki ya kwanza kwa ya pili bila kuisogeza spika, mtaona mmelipa zaidi na mluzi wa spika umeongezeka. Lakini mkizipanga spika mbili, kulia na kushoto, maiki iliyobana itazikataa ngoma vizuri zaidi, na kwa bendi ya harusi yenye jukwaa dogo mimi ningeichagua hiyo.

Kuna njia ya tatu ambayo wapiga vinanda wengi hawaifikirii, nayo ni maiki ya kuvaa kichwani ya dainamiki. Mpiga kinanda anahitaji mikono yote miwili, na shingo yake hugeuka kutazama vifundo, kwa hiyo maiki ya stendi humwacha mara kwa mara katikati ya mstari. Shure WH20 ni ya aina hiyo, na kuna toleo lake lenye jeki kubwa mwishoni ambalo huingia moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kinanda kama chenu. Iwekwe kwenye pembe ya mdomo, kando kidogo ya njia ya pumzi, na isigeuke tena. Umbali usiobadilika huifanya mikanda ya vokoda ipokee nguvu ile ile kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Maiki za kichwani za kondensa zenye bei ndogo ziwekeni mbali na ngoma, kwa kuwa nyingi zake husikia pande zote.

Mwisho, tafuteni maiki yenye swichi ya kuzima. Si kila wimbo una vokoda, na wakati ambapo husemi chochote maiki haina sababu ya kuwa wazi mbele ya dramu.

SWALI: Ninayo maiki ya kondensa ya studio inayohitaji volti 48, na nyingine ya USB ninayotumia kurekodi vipindi. Kinanda changu ni Yamaha MODX. Je, naweza kutumia mojawapo kwa vokoda bila kununua nyingine? Msomaji, Arusha.

JIBU: Ya USB haitafanya kazi. Ndani yake sauti imekwisha kugeuzwa kuwa data kwa ajili ya kompyuta, na tundu la USB la kinanda chako halikuwekwa kwa ajili ya kupokea maiki.

Ya volti 48 inaweza, kwa kuipitisha kwenye miksa ndogo yenye umeme huo, kwa kuwa matundu ya A/D INPUT ya MODX ni ya jeki kubwa na hayatoi umeme wa kuiendesha. Chukua sauti kutoka kwenye tundu la kutolea la miksa hadi upande wa L/MONO wa kinanda, kisha uingie kwenye mipangilio ya kinanda na kuhakikisha ingizo hilo limewekwa Line, yaani kiwango cha sauti iliyokwisha kukuzwa. Siku utakapochomeka maiki ya dainamiki moja kwa moja bila miksa, libadilishe liwe Mic. Maiki ya dainamiki hutoa milivolti chache tu, na ikisomwa kama Line utapata ile sauti ya mbali ambayo watu wengi huidhania kuwa ni ubovu wa maiki. Katika vinanda vya zamani visivyo na uchaguzi huo, kuna transfoma ndogo ya kuunganisha, yenye XLR upande mmoja na jeki kubwa upande wa pili, inayoikuza sauti ya maiki kwa takriban desibeli 20 bila umeme wowote, na mara nyingi hiyo inatosha.

Maiki ya kondensa itakupa s na sh safi sana chumbani kwako, usiku, feni ikiwa imezimwa. Itasikia pia vidole vyako vikigonga vitufe, jambo ambalo maiki ya dainamiki huliacha lipite. Iweke chini kidogo ya usawa wa mdomo, ikielekea juu mdomoni, ili mgongo wake ukitazame kinanda. Weka sauti ya miksa chini kabisa, washa volti 48 baada ya kuchomeka waya, subiri kidogo, ndipo uipandishe taratibu huku ukisema mti, mtu, mti, mtu, mpaka uyasikie maneno yote mawili.